Jenerali David Musuguri: miaka 46 nyuma ya siku mbili za Lukaya

Jenerali David Musuguri alipofariki dunia jijini Mwanza tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, karibu kila taarifa niliyoisoma ilianza na Vita vya Kagera na kuishia hapo hapo. Waandishi walikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa ndiye aliyeiongoza Divisheni ya 20 kutoka Masaka hadi Kampala mwaka 1979, na hakuna Mtanzania wa rika la wazazi wangu asiyelijua jina lake kwa sababu hiyo. Hata hivyo vita ile, tangu majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka hadi jeshi letu lilipofika mpaka wa Sudan, ilidumu miezi saba tu, ilhali utumishi wake ulidumu miaka 46. Nimekuwa nikisoma habari zake kwa muda mrefu kidogo, na imani yangu ni kwamba kilichoonekana katika ile miezi saba kilijengwa katika miaka ambayo hakuna anayeizungumzia, hasa ile aliyokuwa sajenti akifundisha makuruta.

Alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920, miaka miwili kabla ya Julius Nyerere, aliyezaliwa katika kijiji hicho hicho. Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 22, alijiunga na King's African Rifles, jeshi la kikoloni ambalo watu wetu walizoea kuliita KAR, wakati ambapo Waingereza walikuwa wakiandikisha vijana wa Afrika Mashariki kwa wingi ili wakapigane katika Vita Kuu ya Pili. Katika jeshi lile Mwafrika alikuwa na dari juu ya kichwa chake. Angeweza kuwa koplo, kisha sajenti, na akijitahidi kuliko wenzake wote angefika kuwa sajenti meja, lakini angeendelea kumpigia saluti luteni wa Kizungu aliyemaliza shule juzi na ambaye hajawahi kusikia risasi ikilia. Nasisitiza jambo hili kwa sababu bila kulielewa mtu hawezi kupima urefu wa njia aliyoipita askari huyu.

Vita yake ya kwanza ilikuwa Madagaska. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya serikali ya Ufaransa ya Vichy, iliyokuwa ikielewana na Ujerumani, na Waingereza walihofia kwamba Wajapani wangeitumia bandari ya Diego Suarez kuvuruga meli zao katika Bahari ya Hindi. Walitua huko tarehe 5 Mei 1942, kisha brigedi ya Afrika Mashariki ikapelekwa, na ilipofika Septemba askari wa KAR walikuwa katika safari ndefu ya nchi kavu kutoka Majunga kuelekea Antananarivo. Wafaransa hawakuwa na nguvu ya kupambana ana kwa ana siku zote, kwa hiyo walibomoa madaraja, wakaangusha miti mamia barabarani na kujenga kuta za mawe mahali penye kona na miteremko. Antananarivo ilitekwa tarehe 23 Septemba, na mapigano yakakoma mwanzoni mwa Novemba. Ilikuwa vita ya miguu, ya shoka na ya kurekebisha madaraja, ambamo anayeshinda ni yule anayeweza kuendelea kusonga mbele wakati kila kitu kimepangwa kumchelewesha. Msomaji anayeijua habari ya daraja la Kyaka ataona kwa nini nimekaa hapa kidogo: miaka 36 baadaye, Waganda walilivunja daraja hilo juu ya Mto Kagera kwa sababu ile ile, na jeshi letu likalazimika kutafuta njia ya kuvusha watu na vifaru ng'ambo ya pili kabla ya kufikiria lolote lingine.

Mwaka 1947 alipandishwa cheo kuwa sajenti na kupangiwa kazi ya ukufunzi Kahawa, nje kidogo ya Nairobi. Simulizi zilizochapishwa hapa nchini zinamtaja Idi Amin miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwake huko, na jambo hilo hupendwa sana na wasimuliaji kwa sababu linaifanya vita ya 1979 ionekane kama mwalimu akimrudi mwanafunzi wake. Mimi silipi uzito huo. Amin alikuwa mmoja kati ya makuruta wengi, na uzito wa miaka ile ninauona katika kazi yenyewe.

Kazi hiyo naifahamu kwa karibu, kwa kuwa marehemu baba yangu aliifanya. Aliingia jeshini mwaka 1978 kama mgambo, akabaki baada ya vita, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa kufundisha makuruta. Watu wakiona kwata uwanjani hudhani kwamba mkufunzi ni mtu wa kupiga kelele. Kelele zipo, lakini baba alikuwa akituambia kwamba kazi halisi hufanyika jioni, baada ya matembezi marefu, pale mkufunzi anapowaketisha makuruta chini, wakavua buti na soksi, naye akapita kwa mmoja mmoja. Alikuwa akipiga goti mbele ya kijana, anakishika kisigino chake na kukibonyeza kwa dole gumba polepole, akitafuta mahali ambapo ngozi imeanza kulegea kabla lengelenge halijajaa maji. Kuruta asiyetaka kuonekana mnyonge husema hana maumivu, lakini uso wake humsaliti anapobonyezwa, na mkufunzi anayeijua kazi yake humtazama usoni wala si mguuni. Kesho yake kijana yule hubadilishiwa soksi, au hufundishwa upya namna ya kufunga kamba za buti, na baada ya mwezi mmoja anatembea kilomita 30 na mzigo mgongoni bila kuchechemea. Vivyo hivyo katika kusafisha bunduki, kuchimba handaki, kugawana maji ya chupa moja watu watatu, na kulala chini mara moja unaposikia mlio usioujua. Mtu anayefanya kazi hii kwa miaka humfahamu askari wa kawaida kuliko anavyojifahamu mwenyewe. Anajua wapi atachoka, lini ataogopa, na kitu gani kitamrudisha katika hali yake baada ya kuogopa.

Dari niliyoitaja ilianza kupasuka polepole. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliweka cheo cha efendi kwa askari Waafrika wenye utumishi uliotukuka, cheo kilichokuwa juu ya sajenti meja lakini kisicholingana na kile cha afisa wa Kizungu, na Musuguri alikuwa miongoni mwa waliokipata. Baada ya Uhuru mwaka 1961, wakati KAR ya Tanganyika ilipogeuka kuwa Tanganyika Rifles, akawa luteni. Alikuwa amevuka miaka 40. Umri huo katika majeshi mengi ni wa mtu anayeongoza kikosi kizima, naye ndiyo kwanza alikuwa akivaa nyota.

Kisha yakaja maasi ya Januari 1964, yaliyoanzia katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia tarehe 20, na kufika hadi Tabora. Madai ya askari yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kizungu, na serikali changa ikalazimika kuomba msaada wa makomandoo wa Kiingereza kuyazima. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Mkwawa aliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Katika ujenzi huo mpya wengi wa askari wa zamani waliachwa, na nafasi zikajazwa na vijana waliochujwa upya, wenye elimu zaidi na waliotarajiwa kuwa na mwamko wa siasa. Musuguri alibaki na kuendelea kupanda. Taifa lilihitaji damu mpya, lakini lilihitaji pia watu wachache waliojua namna jeshi linavyoendeshwa siku hadi siku, na nadhani hiyo ndiyo nafasi aliyoijaza.

Vita ya 1978 tunaifahamu sote kwa ujumla wake, kwa hiyo nitapita haraka. Tarehe 30 Oktoba majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakapora na kuua, na Amin akatangaza kwamba eneo lile, lenye takribani kilomita za mraba 1,800, ni sehemu ya Uganda. Mwanzoni mwa Novemba Nyerere alilihutubia taifa kuhusu uwezo, sababu na nia. Katika majuma machache jeshi lilikua, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, kutoka watu wasiozidi 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwamo mgambo wapatao 40,000. Tunapoitaja hesabu hii tunapaswa kufikiri maana yake kwa wakufunzi. Maelfu ya wakulima, karani wa vijiji, vijana wa JKT na watu wa mgambo waliokuwa wamezoea kulinda maghala walitakiwa wawe askari wa mstari wa mbele kabla ya mvua kuisha. Baba alikuwa mmoja wao. Alisema bunduki aliyokuwa akifanyia mazoezi kijijini ilikuwa ya mti.

Kagera ilikombolewa, na Januari 1979 jeshi letu likaichukua Mutukula, upande wa pili wa mpaka. Hapo lilitendeka jambo ambalo hatupendi kulisimulia: askari wetu, wakiwa na hasira ya yale waliyoyaona Kagera, waliusawazisha mji ule na raia wakauawa. Nyerere alihuzunishwa sana na akaamuru raia na mali zao vilindwe. Nalitaja kwa sababu heshima ya jeshi letu ni kubwa kiasi cha kuweza kubeba ukweli huu, na kwa sababu nidhamu ninayoisifu katika makala hii haikuwepo mahali pote wala wakati wote. Februari ikawa zamu ya Masaka na Mbarara. Masaka ilitekwa tarehe 24, na baada ya hapo Meja Jenerali Musuguri akakabidhiwa uongozi wa Divisheni ya 20. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Kaskazini ya Masaka, barabara ya kwenda Kampala hupita Lukaya, na baada ya Lukaya inavuka kinamasi kikubwa juu ya tuta jembamba. Pande zote mbili ni mafunjo na maji. Jeshi linalopita hapo haliwezi kutawanyika, na kifaru kimoja kikiharibika juu ya tuta huziba njia ya wote walio nyuma yake. Mpango ulikuwa Brigedi ya 201 iende moja kwa moja kwa barabara hiyo, na Brigedi ya 208, iliyokuwa na askari wazoefu zaidi, izunguke mbali upande wa magharibi kando ya kinamasi. Brigedi ya 201 ilikuwa karibu yote ni mgambo.

Tarehe 10 Machi 1979, bila wetu kutarajia, safu ya Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin ilikuwa ikija kutoka upande wa pili ikiwa na vifaru, magari ya deraya na mizinga ya roketi, nia yao ikiwa kuirudisha Masaka. Roketi zile ni za aina ile ile ambayo askari wa pande zote mbili waliiita saba-saba. Hadi siku hiyo zilikuwa silaha yetu ya kuwatisha Waganda. Nyingi zilipita juu ya vichwa vya watu wetu bila kuwadhuru, lakini mlio wake ulitosha. Mgambo ambao walikuwa hawajawahi kuwa upande unaopigwa walikimbia.

Baba alikimbia. Hakulificha jambo hilo kwetu, na nilipokua niliona kwamba alikuwa akilisimulia kwa makusudi mbele ya vijana. Alisema roketi inapoondoka hutoa sauti kama ya mabati mengi yanayopasuliwa kwa pamoja, na kwamba hakuamua kukimbia, bali alijikuta tayari yuko mbali, bunduki bado iko mkononi, kofia haipo. Alichokikumbuka zaidi ni yaliyofuata. Usiku ule, kando ya barabara, maafisa na masajenti walikuwa wakiwakusanya watu kwa sauti za chini, wakiita namba za kombania. Hakuna aliyewapiga wala kuwatukana. Koplo mmoja alimwuliza ana risasi ngapi, akamwambia ahesabu mbele yake. Akahesabu kwa kupapasa gizani, na alipomaliza kuhesabu mikono yake ilikuwa imeacha kutetemeka. Akapewa maji, akaonyeshwa mahali pa kulala, akaambiwa atakayekuwa kulia kwake na atakayekuwa kushoto kwake.

Wakati huo Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali kwa takribani kilomita 60 kaskazini magharibi, ilikwisha amriwa igeuze na kurudi kuikata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Ilifika alfajiri ya tarehe 11. Walibya na Waganda wakashambuliwa ubavuni, huku Brigedi ya 201, watu wale wale waliokimbia jana yake, ikiwashambulia kutoka mbele. Walibya zaidi ya 200 walikufa, na Waganda karibu idadi hiyo hiyo. Ilikuwa mapigano makubwa kuliko yote katika vita ile, na baada yake njia ya Kampala ilibaki wazi.

Wachambuzi husifu mzunguko wa Brigedi ya 208, na unastahili sifa. Lakini mimi kila nikiisoma Lukaya namfikiria yule koplo na zile risasi za kuhesabiwa gizani. Mzunguko usingefaa kitu kama hakukuwa na mtu wa kushambulia kutoka mbele. Kamanda aliyetoka chuo cha kijeshi moja kwa moja hadi ofisini angeweza kuiona brigedi iliyokimbia kama brigedi iliyokwisha, akaiondoa katika hesabu yake. Musuguri alikuwa kamanda aliyewahi kuwa sajenti wa makuruta, na mtu wa aina hiyo anajua kwamba askari aliyekimbia jioni anaweza kupigana asubuhi iwapo usiku wake utashughulikiwa vizuri. Siwezi kumpa yeye peke yake sifa ya kila lililofanyika kando ya ile barabara. Ninachosema ni kwamba lilifanyika katika divisheni yake, kwa namna ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameifundisha wengine tangu 1947.

Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili. Kampala iliingiwa tarehe 10 na kutekwa tarehe 11, huku barabara ya mashariki ya kwenda Jinja ikiachwa wazi kwa agizo la Nyerere, ili Walibya waliosalia waondoke pasipo umwagaji damu zaidi. Tarehe 3 Juni askari wetu walifika mpaka wa Sudan, na vita ikaisha.

Mwaka uliofuata Musuguri alimrithi Jenerali Abdallah Twalipo na kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, wa tatu tangu JWTZ iundwe. Miaka minane aliyokaa katika kiti hicho haina msisimko wa Lukaya, na pengine ndiyo maana haisimuliwi. Mimi naiona kuwa migumu kuliko vita. Nchi ilikuwa imetumia fedha nyingi mno, sabuni na sukari vilikuwa vya foleni, na jeshi lililofutuka kwa majuma machache lilitakiwa kupunguzwa bila kuwavunja moyo watu waliotoka kushinda. Mwaka 1983 wanajeshi kadhaa na raia walikamatwa kwa tuhuma za njama ya kuipindua serikali. Katika kipindi hicho hicho Nigeria ilipinduliwa Desemba 1983 na tena Agosti 1985, na Uganda yenyewe, ambayo tuliikomboa kwa damu, ikapinduliwa Julai 1985. Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye, tarehe 5 Novemba 1985, Nyerere alimkabidhi madaraka Ali Hassan Mwinyi, na jeshi likapiga gwaride na kurudi kambini. Baadaye kidogo askari wetu walipelekwa Msumbiji kuisaidia serikali ya huko dhidi ya waasi wa Renamo. Mwaka 1988 akamwachia nafasi Ernest Mwita Kiaro, akarudi Butiama.

Aliishi huko miaka mingine 36, akiwa ameuona utawala wa Mwingereza akiwa kuruta na serikali ya awamu ya sita akiwa mzee wa zaidi ya karne moja. Viongozi walikuwa wakimtembelea, picha zikapigwa, na swali lilikuwa karibu kila mara lile lile la Idi Amin. Natamani angeulizwa zaidi kuhusu Kahawa: alikuwa akiwafundisha vipi makuruta wasiojua kusoma, aliwazungumzia nini usiku wa kuamkia matembezi marefu, na ilikuwaje kumfundisha kazi afisa wa Kizungu ambaye kesho yake angempa amri.

Maswali hayo kwake hayana tena wa kuyajibu. Lakini kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 bado hajafikisha miaka 70, na wapo wengi vijijini, wengine wakiwa hawajawahi kuulizwa lolote zaidi ya kuitwa mashujaa kila tarehe 25 Julai. Tangu msiba wa Butiama nimeanza kuwarekodi wazee waliokuwa na baba katika Brigedi ya 201, kila mmoja kwa muda wake na kwa lugha anayoipenda. Nawauliza kuhusu buti, chakula, barua za nyumbani na jina la sajenti wao wa kwanza, na hilo la mwisho hadi sasa hakuna hata mmoja aliyelisahau. Kama una mzazi au jirani aliyekuwa katika Divisheni ya 20, keti naye wiki hii ukiwa na simu iliyojaa chaji, na uanze na swali hilo.